Tiketi ya Kwenda Tu: Nairobi hadi New York

Ukiiuliza simu yako Nairobi na New York zimeachana umbali gani, itakujibu kabla hujaweka alama ya kuuliza: kilomita 11,800 na ushei. Na muda je? Saa 15 kwenda, saa 14 kurudi. Basi, imekwisha. Majibu ya namna hii hutufanya tudhani umbali ni jambo lililopimwa zamani kwa futi kamba, likaandikwa kitabuni, na wapimaji wakaenda zao kula. Mimi nataka tukae kidogo juu ya namba hizo mbili. Ya kwanza haijawahi kubadilika. Ya pili imepanda na kushuka kama bei ya nyanya, na ukifuatilia kwa nini, utaona injini za ndege zina sehemu ndogo tu katika habari hiyo.

Tuanze na ile isiyobadilika. Chukua ramani ya ukutani, ile bapa, uchore mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York. Mstari wako utapita juu ya Nigeria na Mali kabla ya kuingia baharini. Sasa chukua tufe la dunia, lile la darasa la jiografia, uvute uzi kati ya miji hiyo hiyo mpaka ukaze. Uzi hautaki habari za Nigeria. Unapanda kaskazini-magharibi, unapita Sudan Kusini, Chad, kona ya Niger, unavuka Sahara ya Algeria, unatokea Morocco, ndipo unaingia Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi. Ramani bapa inatudanganya kwa sababu dunia ya mviringo haikubali kutandazwa kama mkeka bila kuvutwa pembeni. Ndege yenyewe haifuati uzi kwa uaminifu. Inapinda kukwepa upepo mbaya na anga za nchi zenye vita. Lakini zile kilomita 11,800 ni za uzi.

Na ile saa moja ya tofauti kati ya kwenda na kurudi? Ni upepo. Huko juu zinakopita ndege kubwa, katika latitudo za Marekani na Ulaya, upepo wenye nguvu hutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unapanda mlima usioonekana, ukirudi unateremka.

Nairobi nayo ina ukaidi wake. Kiwanja chake cha ndege kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Hewa nyepesi inazipa mabawa na injini kazi ya ziada, na hewa ya joto huwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka nusu ya dunia hupenda kuondoka usiku, baridi imeshaingia. Abiria anayelalamika kwamba safari inaanza watu wakienda kulala hajui kwamba baridi ya Embakasi ni sehemu ya mtambo.

Hayo ni ya fizikia. Tuje kwa watu.

Mwaka 1927 Peter Mbiyu Koinange alitoka Kiambu kwenda kusoma Hampton, Virginia. Hakukuwa na ndege ya abiria ya kumpeleka. Alikwenda kwa meli, safari ya kuhesabu kwa wiki. Alikaa huko miaka, akapitia chuo cha Ohio Wesleyan kisha Columbia, hapo hapo New York. Baada yake alikuja R. Mugo Gatheru, ambaye wapenzi wa vitabu humjua kwa tawasifu yake *Child of Two Worlds*. Gatheru aliitaka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumfungulia mlango. Akazunguka: India kwanza, halafu Uingereza, ndipo Marekani. Weka uzi wako juu ya safari hiyo uone. Kutoka Nairobi kwenda magharibi, mtu anaanza kwa kwenda mashariki, na alipofika alikokwenda, maofisa wa uhamiaji wa Marekani wakaanza kesi ya kutaka kumfukuza. Umbali wa Gatheru kati ya Nairobi na Marekani hauko kwenye simu yako.

Sasa twende Embakasi. Kabla ya 1958 ndege za abiria za Nairobi zilitua Eastleigh. Katika miaka ya Hali ya Hatari serikali iliamua kujenga kiwanja kikubwa kipya kwenye tambarare ya Embakasi, na ilikuwa na wafanyakazi ambao hawangeweza kuomba nyongeza ya mshahara: watu waliofungwa na kuzuiliwa kwa ajili ya Mau Mau. Walichimba, wakabeba, wakasawazisha ardhi kwa sururu na koleo. Gavana Evelyn Baring alikifungua kiwanja hicho mwaka 1958. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila tunaposema neno "njia ya ndege". Sisi husema njia ziko angani, lakini kila njia ya angani huanza mahali fulani juu ya udongo ambao mtu fulani aliusawazisha, na huyu wa Embakasi alikuwa chini ya bunduki.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Septemba 1959, vijana 81 walipanda ndege ya kukodi kwenda New York kusoma. Safari hii ndiyo watu huiita "airlift", na nyuma yake alikuwa Tom Mboya, wakati huo hajafika hata miaka 30. Mapema mwaka huo alikuwa amezunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akiomba nafasi za masomo. Hoja yake ilikuwa rahisi na ya kutisha: uhuru unakuja, na nchi haina watu wa kuiendesha. Afrika Mashariki nzima ilitegemea Makerere, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa bado kichanga. Waliofaulu mtihani walikuwa wengi kuliko viti.

Hapa ndipo ugumu halisi ulipokuwa, na naona watu hupita haraka. Nafasi za vyuo zilipatikana. Vyuo vingi vidogo vya Marekani vilikubali kumpokea kijana mmoja au wawili bila karo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Kijana angeweza kuwa na barua ya kukubaliwa kutoka jimbo asiloweza hata kulitamka, na barua hiyo ikawa karatasi tu kwa sababu tiketi ya ndege ilizidi mapato ya ukoo wake wote kwa mwaka. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba, majirani wakafanya chai za michango. Bado haikutosha. Suluhisho la Mboya na rafiki yake wa Kimarekani William Scheinman lilikuwa la kihesabu: msiwanunulie tiketi mmoja mmoja, kodini ndege nzima. Nusu ya pili ya hesabu ilikuwa watu wa kuchangia, na hapo majina matatu makubwa ya Wamarekani weusi yaliingia kazini kuomba fedha: Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte na Sidney Poitier.

Ndege ya 1959 haikuweza kufanya kile ambacho uzi wetu unafanya. Kuvuka Atlantiki enzi zile kwa kawaida kulimaanisha kutua Ulaya, kisha kugusa mahali kama Shannon kule Ireland au Gander kule Newfoundland, kunywa mafuta, halafu kuendelea. Walioagwa na umati Embakasi, wengine wakiwa hawajawahi kupanda hata lifti, walifika kiwanja cha Idlewild tarehe 9 Septemba.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba baba yake Rais Obama alikuwa miongoni mwa hao 81. Hakuwa. Barack Obama wa kwanza aliondoka mwaka huo huo lakini kwa njia yake, akisaidiwa na marafiki, na alikwenda Hawaii, ambako ni mbali zaidi. Hadithi imemvuta ndani ya ndege ile kwa sababu ndege ile ilikuwa imeshakuwa hadithi.

Mwaka uliofuata mambo yaliingia siasa za Marekani. Wanafunzi wa kupelekwa walikuwa wameongezeka, kutoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, na fedha hazikuwepo. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kulipia. Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona seneta mmoja aliyekuwa anagombea urais, John F. Kennedy, na mfuko wa hisani wa familia yake ukatoa dola 100,000. Ghafla serikali, ambayo makamu wake wa rais Richard Nixon ndiye aliyekuwa mpinzani wa Kennedy, ikagundua kwamba nayo inaweza kupata dola 100,000 kwa kazi hiyo hiyo. Ugomvi ukafika hadi Seneti. Vijana wa Nyeri na Kisumu walikuwa wanapigania nauli, na bila kujua wakawa wanapigania kura za Wamarekani weusi.

Katika ndege za 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, wakati huo akijulikana kwa jina la Mary Josephine. Amesimulia safari hiyo katika *Unbowed*, na kitu kinachonikaa akilini kila nikisoma sehemu ile ni kwamba New York haikuwa mwisho. Chuo chake kilikuwa Atchison, Kansas. Yeye na mwenzake walipanda basi wakavuka karibu kilomita 2,000 zaidi, usiku na mchana. Huko Indiana walishuka kununua kinywaji baridi, wakaambiwa wanaweza kununua lakini hawawezi kukaa ndani kukinywa. Umbali mwingine huo tena, na huo ulikuwa wa kutoka kaunta hadi kiti.

Sasa jambo ambalo namba za simu haziwezi kulibeba kabisa. Ndege zile zilikuwa za kwenda tu. Aliyepanda alijua, au alikuja kujua baadaye, kwamba hakuna tiketi ya kurudi likizo. Saa za kwenda unaweza kuzihesabu; saa za kurudi zilikuwa miaka. Kati ya 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 walivuka kwa mpango huu, na kwa wengi wao nyumbani palibaki katika barua za ndege, zile za karatasi nyepesi ya buluu, zilizofika na habari zilizopoa. Mzazi akifa, barua ingefika watu wameshaondoa matanga. Nchi yenyewe ilibadilika wakiwa hawapo. Waliondoka koloni, wakarudi jamhuri. Uhuru, jambo ambalo walipelekwa kujiandaa kwa ajili yake, wengi waliusikia redioni wakiwa kwenye mabweni ya watu wengine.

Maathai alirudi Januari 1966 akiwa na shahada mbili na barua ya kumwahidi kazi chuo kikuu Nairobi. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi ameshapewa mwingine. Ndiyo sababu nasema saa za kurudi hazihesabiki: unaweza kutua na bado hujafika.

Baada ya uhuru mambo yalipaswa kuwa mepesi. Ndege za jeti zilikuja, kubwa na za haraka, na Pan Am ikawa inaunganisha New York na Nairobi kwa kutua Afrika Magharibi. Halafu Pan Am ikaacha, na mwishowe ikafa. Kwa miongo kadhaa Mkenya wa New York akawa mtu wa kupitia: London, Amsterdam, baadaye Dubai au Doha. Saa 20, saa 24, wakati mwingine zaidi. Ukipitia nchi ya mtu inabidi akukubali kupita, kwa hiyo kuna waliohitaji viza ya mahali ambapo wangekaa kwenye benchi saa nne tu wakinywa maji ya chupa. Ajabu ni kwamba kufikia hapo ndege za kwenda moja kwa moja zilikuwa zimeshatengenezwa. Uzi ulikuwa tayari. Wa kuuruhusu ndiye hakuwa tayari.

Hofu nayo ilikuwa na sababu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa, na watu zaidi ya 200 wakafa, karibu wote Wakenya. Novemba 2002, Mombasa, makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Israel iliyokuwa inaondoka, yakaikosa. Mei 2003 British Airways ilisitisha kwa muda safari zake za Kenya. Kisha likaja la Juni 2009, ambalo hadi leo likitajwa Wakenya wa rika fulani hutikisa kichwa: Delta ilikuwa imetangaza safari ya kwanza ya kutoka Marekani kuja Nairobi kupitia Dakar, tiketi zimeuzwa, maandalizi ya mapokezi yamefanywa. Dakika za mwisho serikali ya Marekani ikazuia kwa sababu za usalama. Ndege haikuja. Kilomita hazikuongezeka hata moja siku hiyo, lakini jaribu kumwambia hivyo aliyekuwa ameshafungasha.

Ilichukua miaka mingine tisa ya ukaguzi, uzio, kutenganisha abiria wanaofika na wanaoondoka, mafaili kupanda na kushuka ofisini. Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa usafiri wa anga. Tarehe 28 Oktoba 2018, usiku, Kenya Airways ikarusha Boeing 787 yenye viti 234 moja kwa moja hadi New York. Marubani wanne wa kupokezana, mafuta takriban tani 85. Kwa hesabu yangu, miaka 59 na siku 49 baada ya wale 81 kushuka Idlewild.

Viwanja vyenyewe navyo vilikuwa vimebadilisha majina. Idlewild iliitwa John F. Kennedy mwaka 1963, mwezi mmoja tu baada ya kuuawa yule ambaye mfuko wa familia yake ulilipa nauli za 1960. Embakasi ikaitwa Jomo Kenyatta, ambaye siku wale vijana 81 wanaondoka alikuwa Lodwar chini ya vizuizi vya serikali, na ambaye wafuasi wa vuguvugu alilofungiwa ndio waliosawazisha ardhi ya kurukia. Mboya, aliyeifikiria safari yenyewe, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Hakupewa kiwanja. Ana barabara na sanamu katikati ya jiji, pale karibu na alipoangukia, na matatu hupita hapo siku nzima.

Ndege ile ya usiku ina mchezo wake na saa. Unaondoka Nairobi kama saa tano usiku, unakimbizana na giza kuelekea magharibi, na unatua New York asubuhi, kama saa kumi na mbili na nusu. Saa ya ukutani itakuambia umesafiri usiku mmoja wa kawaida. Mwili unajua umekuwa usiku mara mbili. Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, hakuna safari inayotuchanganya zaidi ya hii, maana jua lenyewe limechelewa kwa saa saba au nane.

Na hata sasa, ikiwa na tiketi ya kurudi, viti vya kulala na filamu za kuangalia, kuna sehemu ambako saa 15 bado ni nyingi mno. Mtu wa Lamu au Mombasa anayefanya kazi ya usiku Brooklyn akipigiwa kwamba mama amefariki alfajiri, maziko ni baada ya alasiri. Hakuna ndege itakayowahi. Anajitenga chumba cha kupumzikia wafanyakazi, anaegemeza simu kwenye kikombe, na kuangalia jeneza likitoka kwa mlango anaoujua, watu wakipokezana, mtu aliyeshika simu upande wa pili akijitahidi mkono usitetemeke.